Kuku Weupe wa Siwema

Jino la kwanza la Mwamvita lilipong'oka, Siwema hakulirusha juu ya paa kama mama wengine wafanyavyo. Alilifunga kwenye pindo la khanga, akamshika mtoto kidevu na kumwambia asicheke ovyo mbele ya watu. "Ukitaka kucheka, ziba mdomo kwa mkono," akamwambia. Mtoto akauliza kwa nini. "Kwa sababu nimesema," akajibu Siwema, na papo hapo akajiona mjinga, maana pengo la mtoto halifichiki. Hazikupita wiki mbili likaanguka la pili, la mbele vilevile, na sasa Mwamvita akisema tu shikamoo, pengo linaonekana tangu kisimani.

Sababu ya kuficha ilikuwa hii. Siwema alikuwa mwanamke aliyeachwa. Mumewe, Mfaume, mkulima wa ufuta wa huko Magindu, alimwandikia talaka miaka mitatu nyuma, tatu kwa mpigo kwenye karatasi moja, naye akarudi kwao Marui, upande wa Kisarawe, na mtoto wake mgongoni. Wakati ule hakuna aliyegombea mtoto. Mtoto mdogo ni wa mama, sheria inasema hivyo na watu wanasema hivyo. Lakini akifika miaka saba, akijua kujitawadha mwenyewe na kutofautisha jema na baya, baba ana haki ya kusimama na kumdai. Na hiyo miaka saba nani anaihesabu? Enzi zile za Mwingereza, cheti cha kuzaliwa walikuwa nacho watoto wa mjini, tena wachache. Huku kwetu miaka ya mtoto ilisomwa mdomoni mwake. Meno ya utoto yakianza kutoka, basi kafika.

Habari zikamfikia Mfaume. Nani alizipeleka? Watu. Watu wana kazi gani nyingine? Haukwisha mwezi, Mfaume alikuwa kwa liwali, Kisarawe, anadai mwanawe. Liwali hakuikata kesi. Alisema jambo la mtoto halianzii barazani kwake. Kila upande utoe mtu mmoja mwenye akili zake, wakutane mahali ambapo si kwa mume wala si kwa mke, mbele ya mwalimu wa dini, watafute suluhu. Wakipatana waje na karatasi, aipige muhuri. Wakishindwa, atakata yeye. Na kila mtu alijua akikata yeye inakuwaje: mwenye pengo huenda kwa baba.

Siwema hakulala vizuri tangu siku ile. Hakuwa na mtoto mwingine. Wawili waliomtangulia Mwamvita walizikwa Magindu, wa kwanza hajatimiza arobaini, wa pili ndiyo kwanza anaanza kutambaa. Alikuwa na huyu mmoja tu, na kila alipomwazia Mwamvita kulala nyumba nyingine, mbali, mahali ambapo asingeweza kuamka na kumpapasa kama anapumua, alimvuta mtoto karibu yake.

Mahali palipochaguliwa ni Mkuza, nyumbani kwa Mwalimu Mwishehe, mzee mkimya aliyekuwa akifundisha watoto juzuu. Upande wa Siwema alikwenda kaka yake, Kibwana, mchuuzi wa nazi, mtu mwenye maneno mengi na anayeamini kwamba hakuna jambo asiloweza kulizunguka. Upande wa Mfaume alikuja baba yake mdogo, Mzee Hemedi, mpole, mwenye kikohozi. Walipofika Mwalimu akaweka taratibu. Mfaume atakaa barazani mbele. Siwema atakaa uani na mke wa Mwalimu. Hawataonana wala kusikizana. Wale wasuluhishi wawili ndio watakaokwenda na kurudi, wakibeba maneno. "Na sharti langu ni moja," akasema Mwalimu. "Matusi yanabaki mlangoni. Msuluhishi akipokea neno, alichuje kwanza ndiyo alipeleke."

Basi ikawa hivyo. Mfaume akisema huko mbele, "Mwambieni huyo mwanamke mwanangu si wa kushindishwa mihogo," Mzee Hemedi anapita ukumbini polepole, anakohoa, anafika uani na kusema, "Mwanangu Siwema, mwenzio anauliza mtoto anakula nini." Siwema naye anajibu kwa hasira, "Mwambie anakula kuliko alivyotulisha yeye." Kibwana anakwenda mbele na kusema, "Shemeji, mama mtoto anasema kwa chakula usiwe na shaka." Mchana kutwa wanafanya kazi hiyo. Mke wa Mwalimu alikuwa akipepeta mchele na kucheka peke yake.

Siku ya kwanza waligombea umri, na Siwema akashindwa mapema. Kibwana alidai mtoto ana miaka mitano na miezi. Mzee Hemedi hakubisha. Alimwita Mwamvita kwa sauti ya kubembeleza: "Mjukuu wangu, njoo uniamkie." Mtoto akapiga goti, akasema shikamoo babu, na upepo ukapita kwenye pengo. "Marahaba," akasema Mzee Hemedi, akamgeukia Kibwana. Kibwana akajikuna shingo.

Siku ya pili mambo yalikwenda vizuri kuliko Siwema alivyotegemea, na hilo lilizidi kumtia hofu. Walipatana kwamba mtoto akiugua, upande wa pili uarifiwe siku hiyo hiyo. Walipatana kwamba nguo ya Idi ni ya baba. Akivunja ungo atawekwa ndani kwa mama yake, kwa kungwi wa Marui, na siku ya kuolewa baba ndiye atakayemwozesha. Kila moja lilitoka mbele, likafika uani, likarudi na ndiyo. Likabaki moja tu: mtoto atalala wapi. Mfaume akasema kwake. Siwema akasema kwake. Wasuluhishi wakapita ukumbini mara kumi, wakichuja na kuchuja, lakini neno lilikuwa lile lile.

Alasiri Kibwana akaja kukaa kwenye kinu uani, amechoka. "Dada," akasema, "nimeishiwa. Kesho tunarudi kwa liwali, na kwa liwali unajua."

Siwema alikuwa na kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu. Akatazama kwanza kama mke wa Mwalimu yuko mbali, akainamisha kichwa. "Kaka," akasema, "Mwamvita hajakombolewa."

Kibwana akainuka wima. "Hajakombolewa? Mpaka leo?"

Nikueleze, usije ukapotea. Mama akifiwa na watoto mfululizo, sisi hatumwachi yule anayefuata azaliwe hivi hivi. Anachukuliwa na kulazwa jalalani, kwenye takataka, kama kitu kilichotupwa. Mtani wa ukoo anapita hapo kama kwa bahati, anamwokota, anasema, "Nimepata mtoto, mwenyewe katupa." Kuanzia hapo mtoto ni wa mtani. Mama anamnyonyesha tu, kama yaya. Kifo kikija kumtafuta mtoto wa fulani, hakimkuti. Akishaota meno na kusimama, wazazi wanakwenda kwa mtani kumkomboa: baba na kitambaa cha bafta nyeupe mikono minne, mama na kuku mweupe aliyemfuga kwa mkono wake mwenyewe. Wanakaa jamvi moja, wanavitoa pamoja, wanarudishiwa mtoto wao. Mwalimu Mwishehe angekwambia kwamba hayo hayamo katika kitabu, na ni kweli hayamo. Lakini hata yeye dada yake aliokotwa jalalani.

Aliyemwokota Mwamvita alikuwa Bi Mwanaasha wa Mlandizi, mtani wa ukoo wa Mfaume. Na mtoto hakuwa amekombolewa mpaka leo, jino linang'oka.

Kibwana alianza kucheka taratibu. "Basi tumepona," akasema. "Mfaume anadai mtoto ambaye si wake? Mtoto ni wa Bi Mwanaasha. Nitamleta huyo bibi hapa kesho, aseme mbele ya Mwalimu kwamba mali yake haijalipiwa. Kesi imekufa. Mtoto atabaki alipo."

"Na asipobaki?" Siwema akauliza.

"Atakwenda wapi? Bibi kizee yule atamfanyia nini mtoto?" Kibwana akajifunga shuka na kwenda kutafuta mtu wa kumtuma Mlandizi. Siwema hakumzuia. Alikuwa anazama, na mtu anayezama hushika chochote.

Bi Mwanaasha alifika kesho yake kabla ya adhuhuri, mfupi, mweusi tii, ana fimbo asiyoiegemea. Hakubisha hodi. "Naona mmekusanyika kugawana mali yangu," akasema. "Wezi wa Magindu na wezi wa Marui, leo mmekuwa kitu kimoja."

"Karibu, mchawi wetu," akasema Mzee Hemedi, na uso wake ukakunjuka kwa mara ya kwanza tangu wafike.

"Mchawi wewe uliyemaliza meno kwa nyama za matanga ya watu. Nipishe nikae. Na huyo mwizi wa kike mmemficha wapi? Mleteni hapa. Mimi sizungumzi na watu waliowekwa vyumba vyumba kama kuku wanaotamia."

Kwa mtani hakuna taratibu. Mwalimu akatikisa kichwa, akaruhusu. Siwema akatoka uani na mtoto, akakaa pembeni ya baraza na khanga imefunika nusu ya uso. Hakuwa amemwona Mfaume kwa miaka mitatu. Alikuwa amekonda, na nywele za kando zilianza kuwa nyeupe. Mfaume alimtazama mtoto, hakumtazama yeye.

Kibwana akasimama na kueleza, kwa maneno yaliyopangwa vizuri, kwamba kabla ya kuulizana mtoto alale wapi, ni haki kuulizana kwanza mtoto ni wa nani. Alipomaliza akakaa na kujipangusa jasho, ameridhika.

"Anasema kweli," akasema Bi Mwanaasha. "Mtoto ni wangu. Nilimwokota kwa mikono hii. Sijaona bafta, sijaona kuku."

Mfaume hakubisha. Alivuta mkoba wake wa ukindu, akatoa kitu kilichofungwa kwa kamba ya mgomba, akakiweka jamvini. Ilikuwa bafta. Ilikuwa imekunjwa siku nyingi, hata mikunjo imegeuka rangi ya chai.

"Nimekuja nayo," akasema. "Nilijua siwezi kumchukua mtoto asiyekombolewa. Hii niliipata wakati wa vita, Mwalimu unakumbuka, watu walikuwa wanavaa magunia. Nilipanga foleni Dar es Salaam siku mbili, nikalala barazani kwa Mhindi. Mara tatu nimemwambia mama yake twende Mlandizi. Mara ya kwanza kuku kafa kwa kideri. Mara ya pili kachukuliwa na mwewe. Mara ya tatu kuku hayupo tu. Nikasema, huyu mwanamke hataki mtoto awe wangu. Hataki. Anataka abaki mtoto wa jalalani kuliko awe mtoto wa Mfaume." Akaigusa bafta kwa kidole. "Hiyo ndiyo sababu ya talaka niliyoandika. Watu walisema mengine."

Siwema alihisi macho yote yamemgeukia, na mdomo wake ukasema wenyewe, kama ulivyozoea: "Kuku walikuwa wanakufa. Ningefanyaje? Mpaka leo sina kuku mweupe."

Mwamvita alikuwa amekaa miguuni pake. Akanyanyua uso na kumtazama mama yake kwa mshangao wa kweli, kama mtu anayetaka kumsaidia mwenzake aliyesahau. "Wapo, mama," akasema. "Weupe wapo sita. Si mimi ndiye ninayewapa pumba? Wale unaosema tusiwachinje."

Mzee Hemedi akakohoa na kutazama chini. Kibwana alikuwa amefumba macho.

Aibu ilimpanda Siwema tangu miguuni, na nyuma ya aibu ikaja ile nyingine, ile hofu ya siku zote, na safari hii hakuwa na mahali pa kuificha. Akateremsha khanga usoni.

"Walikuwepo," akasema. "Siku zote walikuwepo. Mmoja akizeeka nafuga mwingine, ili siku nikipata moyo wa kwenda, kuku awepo. Moyo sikuupata." Akamgeukia Mfaume. "Bafta nimeiona mara mbili nyumbani kwangu, Mfaume. Mara zote mbili ilikuwa sanda, ilitoka na mtoto ndani yake. Wewe ulikuja na bafta ya tatu mkononi unacheka, unaniambia twende tumkomboe. Mimi nikaona nikisema huyu ni wangu, kifo kitasikia. Nikasema acha awe wa Bi Mwanaasha. Awe wa jalalani. Lakini awe hai."

"Ungeniambia," akasema Mfaume.

"Ungenicheka."

"Nisingekucheka. Na mimi nilizika."

Siwema akamtazama mikono. Miaka yote ile hakuwahi kumwazia Mfaume kaburini, udongo mikononi. Alikuwa anajiona yeye peke yake.

Bi Mwanaasha akagonga fimbo chini. "Utani umekwisha," akasema, na kweli uso wake haukuwa na utani. "Miaka saba nangoja. Kila nikisikia watu njiani nasema, hao wanakuja kumkomboa mwanangu, nipike. Sikuona mtu. Sasa nimezeeka, niko peke yangu, kuni zenyewe nazitafuta kwa shida. Mtoto asiyekombolewa ni wa aliyemwokota. Baba kaleta chake, mama hakuleta. Leo nitaondoka naye."

Siwema akamtazama Kibwana, na Kibwana akatazama pembeni.

Mwalimu Mwishehe alijaribu kulimaliza kwa njia aliyoijua. "Mwamvita, mwanangu, njoo hapa," akasema. "Umefika umri wa kuulizwa. Hapa yupo mama yako, yupo baba yako, na huyu bibi. Wewe unataka kukaa na nani?"

Mtoto akasimama katikati ya jamvi. Aliitazama ile bafta, akamtazama mama yake, na Siwema akaona kitu kimeondoka machoni mwa mtoto wake, kitu alichokuwa amekizoea hata hakujua kama kipo.

"Mimi nilitupwa?" Mwamvita akauliza.

"Ulilazwa," akasema Siwema. "Ulilazwa tu, kwa ajili ya—"

"Na hujanikomboa."

"Bado."

Mtoto akamgeukia Mwalimu. "Mimi sina mwenyewe," akasema. "Nikombolewe kwanza."

Mke wa Mwalimu akasema uani kuna jike jeupe, lichukuliwe. Bi Mwanaasha akakataa. Kuku ni wa mkono wa mama. Basi ikakubaliwa kwamba Siwema aende Marui akamlete, arudi kabla ya sala ya Ijumaa, na mtoto abaki pale, chini ya uangalizi wa Bi Mwanaasha. Asiporudi, wote watajua jibu lake.

Alikwenda na Kibwana. Njia ile ni ya siku nzima na kipande, walilala Kisarawe kwa jamaa. Kibwana alijaribu mara moja: "Dada, ukikomboa, unampa Mfaume mtoto mkononi. Bila kukomboa, tunaweza kumbembeleza yule bibi." Siwema akamwambia anyamaze. Alikuwa amechoka na watu wenye akili. Walipofika Marui, kuku wakamkimbilia mlangoni wakidhani ni mtoto. Akamkamata jike kubwa, akamfunga miguu, akageuka njia ile ile bila kupumzika. Kuku alikuwa mzito na wa moto kifuani pake, na njia nzima Siwema alikuwa akiomba dua, ile ile moja, kwamba kama kifo kitasikia basi kimfuate yeye, kisimfuate mtoto.

Ijumaa asubuhi aliketi jamvi moja na Mfaume. Magoti yao yalikaribia kugusana. Mfaume aliweka bafta, yeye akaweka kuku, wakasema pamoja maneno wanayosema wazazi, kwamba wamepotelewa na mtoto na wamesikia yuko hapa. Bi Mwanaasha akapokea, akaipima bafta kwa mkono wake, akamtikisa kuku kuona kama ana nyama. Kisha akamshika Mwamvita mabega na kumkalisha kwenye mapaja ya mama yake. "Chukueni wenu," akasema. "Alikuwa mzuri kukaa naye." Akajifuta macho kwa ile bafta.

Mtoto alikuwa mrefu, miguu inafika chini. Siwema alimkumbatia na kusikiliza kifua chake kikipanda na kushuka. Hakuna kilichotokea. Jogoo aliwika kwa jirani, mtu alikuwa anapasua kuni. Kwa mara ya kwanza alithubutu kusema kimoyomoyo kwamba huyu ni wangu.

"Haya," akasema Mwalimu kwa upole. "Sasa una wenyewe, na wenyewe ni wawili. Unataka kukaa na nani?"

Siwema alijua kabla hajasikia. Mtoto hakutoka mapajani pake. Alijibu akiwa pale pale, anachezea pindo la khanga ya mama yake.

"Kwa baba," akasema. "Yeye alitaka kunikomboa mara tatu."

Siwema hakulia mbele yao. Alisema, "Sawa, mwanangu," na sauti ikatoka kama ya mtu mwingine. Aliyelia ni Mzee Hemedi, akasingizia kikohozi.

Halafu likatokea jambo ambalo wasuluhishi hawakulitegemea. Mfaume aliomba asemewe, kisha akakumbuka kwamba Siwema mwenyewe yuko hapo hapo, akasema moja kwa moja. "Siwema, mimi simtaki mtoto wa kukuliza. Masika mpaka mavuno awe kwako. Kiangazi na vuli awe kwangu, asome kwa mwalimu wa kwetu. Tumkabidhiane Mlandizi, kwa Bi Mwanaasha, naye apate wa kumwokotea kuni siku mbili tatu."

"Mimi nilisema nini tangu mwanzo?" akasema Kibwana. Mwalimu aliandika, wakaweka alama zao, karatasi ikaenda kwa liwali. Kiangazi kilikuwa kimeshaanza, hivyo Mwamvita aliondoka na baba yake siku ile ile. Siwema alirudi Marui peke yake, na lile jino bado limo kwenye pindo la khanga.

Sitakudanganya kwamba alizoea. Miezi ile alikuwa anaamka na kupapasa mkeka. Kila aliyetoka upande wa Magindu, Siwema alimsoma uso kwanza, kabla ya salamu, kama amebeba habari ya msiba. Mwezi wa tisa ukapita, wa kumi, vuli ikanyesha, Idi ikapita na mtu akasema mtoto kashonewa gauni jekundu. Siwema akakaa na hilo gauni jekundu kichwani kwa wiki nzima. Kuku weupe aliendelea kuwapa pumba na hakumchinja hata mmoja.

Mvua ya kwanza ya masika iliponyesha hakungoja ya pili. Alifika Mlandizi siku moja kabla ya Mfaume na mtoto, akamkuta Bi Mwanaasha anamfukuza yule jike jeupe asiingie jikoni. "Kaniletea vifaranga saba," bibi akasema. "Wewe uliniibia kwa kumchelewesha." Siwema alilala hapo, na asubuhi akakaa mlangoni na kukataa uji.

Walikuja jua limepanda. Mfaume alisimama mbali kidogo, akaamkia, akaweka mzigo wa ufuta chini. Mwamvita alikuja mwenyewe mpaka mlangoni, akapiga goti. "Shikamoo mama." Hakukuwa na upepo. Meno mawili yalikuwa yameota, mapana, makubwa kuliko mdomo.

"Marahaba," akasema Siwema. Mikono ilitaka kumshika kila mahali, ihesabu vidole, lakini aliogopa kumtisha.

Mtoto naye alikuwa na haya. Akatazama huku na huku, akatafuta la kusema. "Wale weupe wapo wangapi?"

"Watano. Wa sita ndiye huyu hapa."

"Hujawachinja?"

"Sijawachinja."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nangoja nikuone," akasema Siwema. "Nilikuwa naogopa."

Mwamvita akafikiri. "Basi umeniona," akasema. "Tukifika tuchinje mmoja. Sasa hawana kazi."

Bi Mwanaasha akaangua kicheko huko jikoni, na mtoto naye akacheka. Alicheka na kuziba mdomo kwa mkono, kwa haraka, kama mtu aliyefundishwa. Siwema akaushika ule mkono, akaushusha.